Mama Salha, Mwanao Amepata Viatu Vyake

Mama Salha,

Shikamoo. Umeona? Nimeanza na salamu bila kukumbushwa. Siku ile ya kwanza nilipotumwa kaunta ya viatu nikakuambia, "Niaje, mimi ndiye mgeni," ulinitazama kama mtu aliyeingia msikitini na kandambili, ukaniuliza, "Wewe Mkenya, kwenu Bungoma hakuna wakubwa?" Tangu siku hiyo, kwa miaka sita, nilikuamkia kila asubuhi hata tulipokuwa tumenuniana. Sasa imepita miezi kumi na sina wa kumwamkia. Basi itikia huko uliko, nami huku nitajifanya nimesikia.

Nakuandikia nikiwa hapa uwanjani, kwenye benchi la pale wateja wanapofungia kamba za viatu vya barafu. Ni asubuhi, hatujafungua. Ile mashine kubwa inazunguka inasawazisha barafu, na nje watu wanaungua na jua kama kawaida huku mimi nimevaa koti lako la kijivu. Ndiyo, nililichukua. Mikono yake mirefu, lakini lina joto.

Nikupe habari ndogo ndogo kwanza. Kaunta imepakwa rangi mpya ya samawati, mbaya sana, ungeisema wiki nzima. Mashine ya kunolea vyuma vya viatu imehamishiwa chumba cha nyuma na sasa ninayenoa ni mimi. Olga, mwalimu wa kuteleza, yuko vilevile, bado anapiga kelele kwa lugha tatu na bado anakula tango zima kama ndizi. Yule Mmalabari, Mhindi wetu wa chai pale mtaa wa Karama, aliniuliza uko wapi. Nilipomwambia, alisimama na birika mkononi asijue aliweke wapi. Tena mpaka leo nikienda anatengeneza chai yako ya tangawizi nyingi, na mimi inaniwasha koo lakini nainywa yote.

Habari kubwa ndiyo hii: Salha yuko huku Dubai.

Alikuja Jumanne moja asubuhi. Nilikuwa nimeinama napanga viatu vya kukodisha, nikasikia mtu anasema, "Shikamoo dada. Wewe ndiye Nekesa?" Nikainua kichwa. Mama Salha, lile paji la uso! Ungedhani mtu amelikata kwako akalibandika. Amevaa kijikoti chembamba, meno yanagongana kwa baridi, na amesimama mguu mmoja mbele, kama wewe ulivyokuwa ukisimama ukitaka kugombana na supavaiza. Akasema, "Mimi ni Salha. Mama yangu alifanya kazi hapa." Sikuzunguka mlangoni. Niliruka kaunta, mimi na huu mwili wangu, nikamkumbatia. Yeye alikaa wima tu, mikono imening'inia. Hakunikumbatia.

Alikuja kupitia wakala, anafanya kazi kwenye udobi wa hoteli, kukunja na kupiga pasi mashuka. Anakaa mtaa wa International City, chumba kimoja na wasichana watano, basi mpaka metro, metro mpaka kazini. Wakati ule alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, anaogopa hata kupiga chafya mbele ya bosi wake.

Akaniuliza, "Dada, mama alikuwa anafanya kazi gani hasa hapa?"

"Viatu," nikamwambia.

"Na sisi alituambia viatu. Tukajua ni duka la viatu. Bibi anawaambia watu sokoni Korogwe kwamba mwanawe anauza viatu vya kike vya harusi."

Nilicheka hadi nikashika meza. Nikakumbuka nami nilivyompigia mama yangu kumwambia nimepata kazi ya kukodisha skeiti, hivi viatu vya barafu, akasikia sketi, akaenda kuomba kanisani niache kazi ya kukodisha watu nguo za ndani na za nje. Salha hakucheka. Ndipo nilipogundua kwamba hukuwahi kuwaambia. Miaka kumi na moja, na hukuwaambia kwamba unateleza kwenye barafu.

Nikamwonyesha ile video kwenye simu yangu. Ile ya asubuhi, uwanja mtupu, wewe na suruali yako nyeusi, mtandio umeuchomeka ndani ya sweta, unarudi kinyumenyume na kuzunguka kona kama mtu anayejua nyuma kuna nini. Mwishoni unanijia na kidole, "Nekesa, zima hiyo simu ufanye kazi." Salha aliitazama mara nne. Hakulia. Alisema tu, "Hakuwahi kuniambia." Halafu akauliza, "Hivyo viatu viko wapi?"

Hapa lazima niungame. Ulipofariki kule nyumbani ukiwa likizo, ofisi ilinipa ufunguo wa kabati lako nikusanye vitu vyako viende kwa meli. Nilifunga vyote. Nguo, blanketi, chupa ya chai, udi, zile dawa za magoti. Viatu vyako vya barafu sikuvifunga. Nilijiambia ni vizito, vitaharibu mzigo. Uongo. Nilishindwa kuviona vinaondoka. Vilikaa kabatini mwangu miezi yote hiyo, nikawa navifuta vumbi kila wiki kama mtu anayefuga kuku wa siri. Nisamehe. Havikuwa vyangu.

Nikamwambia Salha vipo. Akasema, "Nataka kujifunza. Nataka kujifunza na hivyo."

Nilijua jibu, Mama Salha. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo jibu. Unamkumbuka yule madam aliyekuja na viatu vya dada yake, vizuri, vya bei, anataka tumnolee binti yake aanze navyo masomo ya kuteleza? Ulivishika ukaingiza mkono ndani mpaka panapokaa kidole gumba cha mguu, ukavirudisha, ukamwambia kwa adabu zako zote, "Madam, kiatu hiki kimeshamzoea mtu." Alikasirika akaenda kulalamika. Uliitwa ofisini, na ulirudi umeinua kidevu. Ukaniambia kiatu cha barafu si kanga, hakirithiwi.

Na miguu yako! Arobaini, mipana. Salha anavaa thelathini na saba, mguu mwembamba kama wa mtu mwingine kabisa. Nikamweleza pole pole. Nikamwambia vitamcheza, kisigino kitaogelea, atajiumiza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Dada Nekesa, wewe umekaa naye miaka sita. Mmekula pamoja, mmegombana mkapatana. Mimi tangu darasa la tano mama yangu ni simu. Na hivyo viatu navyo utaninyima?"

Ungemjibu nini? Nilikwenda kabatini nikavileta.

Nilifanya kila kosa ulilonikataza. Nilimvisha soksi mbili nene, moja juu ya nyingine. Nilijaza pamba puani mwa kiatu. Nilikaza kamba mpaka vidole vyangu vikauma, juu mpaka chini, kwa nguvu moja, kama mtu anayefunga gunia la mahindi. Olga alitazama, akatikisa kichwa, akaniambia, "Hivi sivyo Zuhura alivyokufundisha," maana yeye hajawahi kukuita Mama Salha. Nikamwambia, leo tu. Leo tu, Olga.

Yeye na Olga walizunguka kidogo wameshika ukingo. Salha alikuwa ameuma mdomo, macho kwenye vile vyuma vya chini ya viatu. Olga akamwonyesha hatua ndogo, kama bata, achia mkono. Akaachia. Hatua moja. Ya pili, kiatu kilibaki kilipo, mguu ukageuka ndani yake. Alianguka kiubavu, na mlio wake niliusikia nikiwa kaunta.

Nilikimbia na raba zangu moja kwa moja kwenye barafu. Miaka sita nawaambia wateja msikanyage barafu na viatu vya kawaida. Sikufika hata nusu, nami chini, mwereka wa kisawasawa. Nikamalizia kwa kutambaa. Supavaiza akatoka ofisini anapiga makofi, "Yalla, yalla, haya inukeni, watu wanaangalia!" Olga akatuinua mmoja mmoja kama wanasesere.

Kifundo kilivimba kama andazi. Lakini hakulia kwa maumivu, Mama Salha. Alikaa kwenye benchi hili hili, nikamvua viatu vyako, na alivitazama akasema, "Hata viatu vyake vimenikataa."

Sijawahi kuhisi ubaya kama ule. Kwa sababu kama ningesimama kwenye neno lako, asingeyasema hayo.

Kliniki wakasema hakijavunjika, mishipa tu imevutika, apumzike siku tatu. Siku tatu, na yeye yuko kwenye majaribio, kazi ya kusimama saa kumi kwa siku! Alikataa katakata. Asubuhi iliyofuata kabla ya zamu yangu nilikwenda International City na mfuko wa barafu ya uwanjani, nikamkanda, nikamfunga bendeji kama ulivyokuwa ukiwafunga watoto wa masomo, kwa umbo la namba nane, kisigino nje. Nikamwambia usifiche, mwambie bosi wako ukweli. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini alisema. Na yule mama wa Kinepali anayewasimamia, Mungu amzidishie, alimweka mezani kukunja vitambaa vya mikono amekaa, wiki nzima. Inaonekana alivikunja vizuri mno, mpaka leo wakiwa na harusi kubwa humwita yeye. Kazi haikupotea. Nilipopata hiyo habari nilikaa chini nikamshukuru Mungu wangu, halafu kwa usalama nikamshukuru na kwa maneno yako, alhamdulillahi.

Ila kwangu alinyamaza. Wiki tatu. Namwandikia ujumbe, anausoma, kimya. Napiga, inaita mpaka inachoka. Wakati ule nilikuwa naongea na wewe sana kule chumba cha nyuma, mashine ya kunolea ikiunguruma, ili wengine wasinisikie. Nilikuwa nakuambia nimempoteza mwanao kabla hata sijamjua.

Kisha Jumanne moja akaja. Alikaa hapa, akavua raba, akavua soksi, akaweka mguu mtupu kwenye zulia la mpira, ule uvimbe umeisha kabisa. Akasema, "Nichagulie kama mama alivyokuwa anachagua."

Nikaenda kunawa mikono. Kweli. Nilihisi nimeitwa kufanya mtihani.

Nilitandika karatasi sakafuni nikamwambia asimame juu yake kwa uzito wote, maana mguu ukikaliwa hutanuka, na anayepima amekaa anapima mguu wa mtu mwingine. Nikachora wa kulia, nikachora wa kushoto. Wa kushoto ukazidi.

"Kwani havilingani?" akashangaa.

"Hakuna binadamu ambaye miguu yake inalingana. Mama yako naye wa kushoto ulizidi. Alikuwa anasema huo ndio unaotangulia siku ya mshahara."

Akacheka. Mara ya kwanza. Mama Salha, kicheko chako hicho kinachoanzia puani kama mtu anataka kupiga chafya halafu kinafunguka! Nilijifanya natafuta kalamu chini ya benchi.

Tukaenda kwenye kile kiduka chetu cha vifaa. Unakijua kilivyojaa vishawishi. Yeye macho yakaenda juu kabisa, kwenye vile vyeupe vinavyometa, vya ngozi ngumu, na vijiwe kisiginoni. Muuzaji alishaanza kuviteremsha anatabasamu. Nikamwambia Salha avae, asimame, akunje goti. Akajaribu. Goti halikwenda popote, alisimama kama nguzo ya umeme.

"Hiki ni cha mtu anayeruka hewani akazunguka mara mbili," nikamwambia. "Ngozi lazima iwe ngumu imshike akitua. Wewe bado hujatembea. Goti lisipokunjika hutajifunza kitu."

Muuzaji akanitazama vibaya. Nikamtazama kwa lile jicho lako. Akavirudisha juu.

Vya pili vilikuwa laini, vizuri kushika, Salha akasema hivi raha. Nikabonyeza kifundo kwa vidole viwili, kikalala. Nikamwambia hii ni soksi iliyopigwa chuma, ukisimama miguu itaanguka ndani kama ya ndama wa siku moja. Alinipa mwenyewe nivirudishe.

Vya tatu vilikuwa kwenye boksi la chini, vyeupe visivyometa, hakuna kijiwe wala ua. Nikabonyeza, vikakubali kidogo kisha vikagoma. Nikatabasamu. Tukaanza na thelathini na sita, kisigino kikacheza. Nikaagiza thelathini na tano.

"Dada, mimi navaa thelathini na saba!"

"Kwenye raba. Cha barafu hushuka."

"Nitaingia?"

"Soksi nyembamba. Moja."

Nikamwambia ajipige kisigino nyuma, tak, mpaka kikae kwenye nyumba yake. Nikafunga kamba kwa mkono wako: vidoleni kwa ulegevu, pale mguu unapokunjika kwa nguvu zote, juu kwenye ndoano kwa upole ili goti liwe na pa kwenda. Akasimama. Vidole vinagusa mbele? Vinagusa kidogo. Kunja goti. Sasa? Vimerudi nyuma. Nikajaribu kupitisha kalamu nyuma ya kisigino, ikakataa.

"Kinabana," akasema.

"Wapi?"

Akafikiri. Akatembeza tembeza uzito. "Kila mahali. Sawasawa."

Mama Salha, nilikuwa nangoja neno hilo. Nikamwambia, "Mama yako alisema hivi: kikibana mahali pamoja, kivue. Kikibana kila mahali sawasawa, huko si kubana, kinakukumbatia."

Akatazama miguu yake. Halafu ndipo akanikumbatia, akiwa juu ya vile vyuma amenizidi urefu, karibu atuangushe sote wawili kwenye rafu ya glavu.

Vilikuwa butu, kama vipya vyote vilivyo. Nikaviingiza chumba cha nyuma nikavinoa mwenyewe, naye amesimama mlangoni ameziba masikio. Nikamfundisha kujaribu makali kwa ukucha, kukausha chuma kila akitoka, asitembee kwenye simenti bila vifuniko. Akaona yale meno yaliyo mbele ya chuma akaniuliza kama naweza kuyakata, maana yanatisha. Kila anayeanza anauliza hivyo. Nikamwambia ayaache, atayachukia mwezi mmoja na kuyashukuru miaka yote. Alilipia mwenyewe, kwa mshahara wa kwanza baada ya kuthibitishwa kazini. Nilitaka kuchangia akanipiga jicho. Si unajua jicho gani.

Jumanne iliyofuata akapanda barafuni. Mikono miwili kwenye ukingo, kisha mmoja. Olga mbele yake anarudi nyuma, anamwita kwa vidole. Salha akaachia. Nilikuwa nimeshika kaunta utadhani ndimi niliye kwenye barafu. Alikwenda hatua kama kumi, za bata, magoti yamekunjika, mikono mbele kama anabeba sinia. Akafika katikati ya uwanja na hapo akakumbuka kwamba hajafundishwa kujisimamisha. "Mamaaa!" akapiga ukelele uwanja mzima ukageuka, akamvaa Olga kifuani, na wakabaki wamesimama. Hakuna aliyeanguka. Olga akaniinulia kidole gumba kutoka kule. Supavaiza naye alikuwa mlangoni, na safari hii makofi yake hayakuwa ya yalla yalla.

Sasa ana masomo kumi na mbili. Anazunguka uwanja wote bila kushika kitu. Anasimama kwa mguu mmoja mpaka hesabu ya tatu, ya nne anaanza kuomba dua. Kurudi nyuma bado anarudi kama kaa. Ameanguka mara nyingi na kila akianguka anakaa hapo hapo chini kwanza, anacheka, ndipo anainuka. Wale wasichana watano wa chumbani kwake walikuja kumtazama na mmoja ameanza kuulizia viatu. Nimemwambia aje, nimpime miguu yote miwili.

Viatu vyako nimempa. Nilimwambia ukweli wote, kwamba nilivificha. Hakukasirika. Alimpigia bibi simu ya video akamwonyesha. Bibi alisogeza uso mpaka tukaona jicho moja tu, akasema, "Mwanangu alikuwa anatembea juu ya visu? Kwa miguu ile?" Halafu akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akataka kujua kama vinauzwa Tanga. Salha atampelekea akienda likizo. Nimevipaka mafuta kwenye chuma visishike kutu njiani, nikavifunga kwa taulo. Safari hii sikuumia kuvifunga.

Kuna jambo moja la mwisho na ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Kila Jumanne baada ya somo tunakwenda Karama kwa yule Mmalabari, na Salha ananiomba kitu kimoja tu: "Niambie moja ya mama." Nami namwambia. Nimemwambia ulivyomkatalia yule madam. Nimemwambia ulivyokwenda Hatta kwenye matembezi ya wafanyakazi ukagoma kupanda boti pale bwawani, wewe unayeteleza kinyumenyume, ukasema maji hayana ukingo wa kushika. Nimemwambia ulivyonitunza nilipougua, ulivyonirekebisha Kiswahili mpaka nikaogopa kuomba chumvi. Anasikiliza huku anatafuna chapati pole pole ili isiishe.

Ila zinapungua. Miaka sita nilidhani ni hazina isiyo na mwisho, kumbe siku nyingi zilikuwa zilezile, viatu, kamba, chai. Wiki iliyopita nilifungua mdomo nikaanza, "Siku moja mama yako..." na hapo nikajua hakuna siku hiyo. Nilikuwa naitunga. Nilifunga mdomo nikasingizia chai ni ya moto. Nilikwenda nyumbani nimejionea haya.

Jana nikamwambia, "Salha, leo sina." Nikidhani atahuzunika. Akasema, "Basi leo zamu yangu."

Akanisimulia mimi. Kwamba kila Ijumaa ulikuwa unampigia simu ya video mchana, na bibi anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na mnakula pamoja. Wewe na sahani yako huku, yeye na yake kule. Kwamba hamkuwa mnaongea mpaka sahani ziishe, kwa sababu ulisema mama na mwana wakila hawahitaji maneno. Kwamba akibakiza mboga ulikuwa unagonga kioo kwa kidole.

Mama Salha. Mimi nilikuwa mle chumbani, si tulilala chumba kimoja na wenzetu? Miaka sita nilikuona kila Ijumaa umekaa umegeukia ukuta na sahani yako, umetupa mgongo, husemi na mtu. Nilidhani siku hiyo hututaki. Nilikuwa natoka nje polepole, nakuachia chumba, na moyoni nasema, huyu mama naye ana kisirani chake. Nilimwambia Salha hivyo. Akacheka kile kicheko cha puani hadi machozi, akasema, "Kumbe yule mtu aliyekuwa anafunga mlango ni wewe!" Alikuwa anasikia. Kila Ijumaa alikuwa anasikia mlango.

Basi nakuahidi: sitamtungia mama. Ya kweli yakiisha nitasema yameisha, na tutakaa tunywe hiyo chai ya tangawizi. Na Ijumaa hii hatuna zamu sote wawili. Nimemwita aje kula kwangu mchana. Nitapika wali, yeye ataleta samaki. Safari hii sitatoka nje.

Wanafungua. Kuna foleni tayari, na mtoto wa mbele amevaa soksi nene za sufu, nione nitamwambia nini mama yake kwa adabu. Pumzika kwa amani, mwalimu wangu. Mwanao hana baridi tena, nimempa koti langu jipya, mimi nimebaki na lako.

Wako,
Nekesa